Boriti Huchaguliwa kwa Macho

Leo mteja huagiza kifaa kwa simu bila kukigusa. Biashara ya boriti za delta ya Rufiji ilikua kwa njia nyingine: majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yakaingia deltani, na miti ya mikoko ikapakiwa huko huko ilikokatwa. Atasema mtu kwamba kuagiza kwa mbali ni nafuu. Huenda, lakini boriti iliyopinda haibebi dari sawasawa, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe Zanzibar ulifuata urefu wa mti huo. Hata Wajerumani, walipoanza kuisimamia mikoko mwaka 1898, waliweka kituo cha misitu Salale, ndani ya delta. Mti wa namna hii ulidai mnunuzi afike mwenyewe.