Jembe la Siku ya Tatu

Mwaka 1331, kabla ya kuteremka hadi Mombasa na Kilwa, msafiri Ibn Battuta alitia nanga Mogadishu na kukuta desturi aliyoona inastahili kuandikwa. Vijana wa mji waliijia merikebu kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakufikia ila kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama ameshauzoea mji na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa pasipo yeye kuwapo ilikataliwa.

Wapenzi wa lugha, naiona hapo kanuni ya nyumba iliyo kamili, ingawa haikubandikwa ukutani. Neno letu mgeni lina maana mbili: anayekirimiwa na asiyejulikana. Sahani ile ilimwondolea mtu maana ya pili. Akivunja adabu, mji ulijua mlango wa kubisha.

Kuta nazo zilisema. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, mgeni alipokewa dakani, penye viti vya mawe mlangoni. Wa kulala alipewa sabule, chumba kilichotengwa na ndani wanamokaa wenye nyumba. Mlango wa mbele ukifunguliwa, macho ya mpita njia hukutana na ukuta, si na ua. Hapakuwa na haja ya kuandika "usiingie". Kisha palikuwa na hodi: mara tatu, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka.

Kuhusu muda, mafundisho ya Kiislamu yaliweka siku tatu za kumkirimu mgeni. Zaidi ya hapo ni sadaka. Wahenga wakawa wakali zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa, ili kuonyesha kwamba jamii ya zamani haikulea wavivu. Wengi huifasiri kuwa ni njia ya kumfukuza mtu. Sikubaliani nao. Anayefukuzwa huonyeshwa mlango. Jembe hupewa mtu wa nyumbani. Ni kweli upo wimbo maarufu unaomhesabia mgeni siku zake hadi ya kumi na kumfikisha kwenye mateke, lakini huo nauona kuwa mzaha wa watu waliojua kwamba hawatathubutu.

Nayasema haya kwa sababu mpwa wangu anakodisha vyumba viwili Mji Mkongwe, Unguja, kwa njia ya intaneti, naye aliniomba nimsanifie kanuni za nyumba. Waliokodi kwa watu wawili waliwahi kulala sita, muziki ukapigwa hadi alfajiri, na majirani wakamjia juu yeye, si wao. Orodha yake ilikuwa na *usi-* kumi na moja mfululizo: usivute, usipige, usilete. Nikamwambia kwamba kasoro haimo katika ukali, imo katika neno la kwanza, "wageni wetu wapendwa". Kiswahili kina mgeni na kina mpangaji. Mgeni hula chetu, akatustahi. Mpangaji hulipa, akafungwa na makubaliano. Ukimwita mtu mgeni kisha ukamtoza bilauri aliyoivunja, umemvunjia heshima. Mpangaji umemkumbusha tu.

"Mjomba," akanijibu, "nikiandika mpangaji, nani atakuja?"

Hoja hiyo ina uzito, maana ndiyo riziki yake. Tukaafikiana: mlangoni paandikwe mgeni, katika karatasi ya malipo aandikwe mpangaji, na idadi ya watakaolala itajwe kabla ya bei. Ufunguo nao hauachwi tena ndani ya kisanduku cha namba. Anaukabidhi mwenyewe barazani, mbele ya wazee wa mtaa, akimtaja aliyefika kwa jina lake. *Usi-* zimebaki tatu.