Nusu Kilo ya Sukari: Ukurasa Uliotaka Kurukwa

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa Manzese wiki za mwisho kabla ya Kwaresima, basi kuna Dar es Salaam moja huijui. Jumamosi harusi zinafuatana kama daladala za asubuhi. Matarumbeta yapo juu ya pikapu, kadi za mchango zimejaa mezani, na kila kamati inakwambia hiyo hiyo: "Tuwahi, Kwaresima inakuja." Kwa desturi ya parokia zetu, Kwaresima ikishaingia, harusi basi. Wanaume nao wanaagana na bia kama mtu anayesindikiza ndugu stendi. Atarudi Pasaka.

Kwenye jumuiya kuna pilika nyingine. Watoto wanatumwa nyumba kwa nyumba kukusanya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Wengine waliyachomeka nyuma ya picha ya ukutani, wengine juu ya mlango. Yamekauka mpaka yanalia ukiyashika. Hayo ndiyo yatakayochomwa, na majivu yake ndiyo tutakayopakwa Jumatano. Jumuiya zinapanga zamu za Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na wazee wanaanza kuuliza swali lisilopendwa: nani hasemi na nani?

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi. Mwezi Januari paroko alikuwa ameagiza kila jumuiya iandike historia yake, kurasa mbili tu. Yetu nilipewa mimi, kwa sababu moja: ilijulikana kuwa naandika mashairi. Mwenye kuandika mashairi, walidhani, ataweza kuandika chochote. Nikakubali haraka. Nilifikiri ni kazi ya jioni mbili.

Nilianza mbali, kama tunavyopenda sisi vijana tukishika kalamu. Nikaanzia Bagamoyo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walitokea Zanzibar na kuanzisha misheni pale Machi 1868. Nilipopiga hesabu ya kalenda niligundua jambo: Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 12 Aprili, kwa hiyo Machi nzima ilikuwa Kwaresima. Misheni ile ilianza kwenye mfungo. Na Wakristo wake wa mwanzo walikuwa kina nani? Wengi wao ni watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Nikajiuliza, mtu aliyetembezwa kwa minyororo kutoka bara, njaa anaijua kwa jina na kwa sura. Alipoambiwa sasa ajinyime chakula kwa hiari, alielewa nini? Maswali ya namna hiyo hayajibiwi na orodha ya mapadri na tarehe za majengo.

Nikaendelea. Mababu zetu walisali kwa Kilatini, na hata neno Kwaresima lina asili hiyo, maana yake arobaini. Ukihesabu kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu utapata siku 46. Toa Jumapili sita, ambazo hazifungwi, ndiyo unapata arobaini yako. Ruhusa ya kutumia lugha za watu katika sehemu nyingi za Misa, iliyotokana na Mtaguso wa pili wa Vatikano, ilianza kutumika Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, 7 Machi 1965. Mwaka uliofuata, 17 Februari 1966, zikiwa zimebaki siku sita kufika Jumatano ya Majivu, Papa Paulo VI alibadilisha sheria ya kufunga. Zamani watu wazima walitakiwa kufunga siku nyingi za Kwaresima. Tangu hapo siku za lazima zikabaki mbili kwa Kanisa zima: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mengine mtu apange na dhamiri yake, kwa sala na kwa kumsaidia mwenye shida.

Halafu zikaja jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1973, wakakutana tena 1976, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia chini, kwenye jumuiya ndogondogo za majirani. Mapadri walikuwa wachache na parokia zilikuwa kubwa kama wilaya. Hapa Tanzania mbegu hiyo ilikuta udongo umeshalimwa. Watu walikwisha kuzoea nyumba kumi na balozi wao, tangu enzi za TANU. Wazee wanasema jumuiya yetu ilipoanza mwaka 1978 haikuchora ramani mpya. Ilifuata ile ile ya nyumba kumi: Wakristo wa mabalozi watatu wakawa jumuiya moja.

Mpaka hapo kazi ilikuwa tamu. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa katekista, anisaidie habari za miaka ya mwanzo. Shikamoo yangu haikuwa imekwisha kuitikiwa akavuta sanduku mvunguni na kunitolea kaunta buku tatu, majalada yamelika na mende. "Haya ndiyo yenyewe," akasema. "Tulikuwa tunaandika kila Ijumaa. Soma, ila usome vizuri."

Jamani, nilisoma mpaka usiku wa manane. Mle ndani kulikuwa na mji mzima: nani amejifungua, nani amefiwa, nani kaleta embe, nani hakuja mara tatu mfululizo na kwa nini. Mwandiko ukibadilika unajua katibu amehama au amekufa.

Nikafika mwaka 1984.

Ninyi mliozaliwa juzi, kama mimi, ulizeni nyumbani habari za miaka ile. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina ya nchi, mafuta bei juu, ukame nao ukaja. Sukari, sabuni, unga, vyote kwa foleni. Watu waliweka mawe kwenye foleni yawashikie nafasi, wakaenda kutafuta foleni nyingine. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Unga wa njano wa msaada watu wa mjini waliuita Yanga. Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye katoni mbili za sabuni mvunguni alilala macho wazi.

Na ona mambo yalivyokutana. Sheria mpya za Kanisa zilianza kutumika 27 Novemba 1983, kwa hiyo Kwaresima ya 1984 ilikuwa ya kwanza chini ya sheria hizo. Zilieleza nani afunge na kuanzia umri gani. Huku kwetu swali lilikuwa jingine kabisa: afunge nini?

Jumuiya ilipata jibu lake. Ijumaa ya 9 Machi 1984, siku mbili baada ya Majivu, daftari linasema wanajumuiya walikubaliana kila nyumba itoe kidogo ilichonacho, kipelekwe kwa mama mmoja aliyejifungua na maziwa hayatoki. Vikombe vya unga, mafuta ya taa chupa moja, na sukari nusu kilo. Nusu kilo! Leo tunaimwaga kwenye chai ya msiba mmoja. Vitu hivyo vikakabidhiwa kwa mwanamke ambaye jina lake silitaji hapa. Kwenye daftari lipo.

Ijumaa iliyofuata, mistari mitatu tu. Sukari haikufika. Aliyekabidhiwa ameulizwa mbele ya watu. Kisha jina lake limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu na pembeni pameandikwa: amejitoa. Ukifunua kurasa chache unakuta Ijumaa ya 13 Aprili, waumini wameandika kwamba hawakuimba, kwa sababu Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa amefariki jana yake kwa ajali ya gari huko Morogoro, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni. Waliomboleza. Lakini juu ya yule mwanamke, hakuna tena hata neno moja mpaka daftari linakwisha.

Nilipopeleka rasimu kwa kamati, mjumbe mmoja aliisoma, akaweka kidole kwenye ukurasa huo. "Hapa ruka, kijana. Historia ni ya kujenga. Hii itasomwa usiku wa kuamkia Majivu, watu wanajiandaa kutubu, wewe unafukua makaburi." Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Na mimi, kusema kweli, nilishakubali. Ni mistari mitatu tu, nani ataiulizia? Nikaikata kwa kalamu.

Jioni nikamsomea Bibi rasimu iliyosafishwa. Bibi ni mmoja wa waanzilishi. Alisikiliza akiwa anachambua mchele, akacheka pale pa embe, akanyamaza pale pa Sokoine. Nilipomaliza akauliza, "Na sukari?"

Nikamwambia kamati wamesema niruke.

Akaweka ungo chini. "Aliyesimama akamwambia yule mama mbele ya watu kwamba ni mwizi, ni mimi. Daftari halikuandika, eti kunisitiri."

Sikujua niseme nini. Akaendelea, taratibu, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Vitu vile vililala kwake usiku mmoja kabla ya kukabidhiwa. Asubuhi furushi lilikuwa limefungwa vile vile, hakulipima. Babu ndiye aliyetoa sukari, akaijazia pakiti mchanga chini na kufunika kidogo juu, akaenda kuibadilisha kwa mche wa sabuni. Bibi alijua mwaka 1991, Babu alipokuwa kitandani anaaga dunia, akamwambia.

"Sabuni ile niliiona," Bibi akasema. "Nilifulia sare za shule za mama yako. Sikumuuliza babu yako ameipata wapi. Mwaka ule nani alikuwa anauliza sabuni imetoka wapi?"

"Na tangu 1991, Bibi?"

"Tangu 1991 nafunga kila Kwaresima, mjukuu wangu. Nafunga kweli kweli. Nyumbani kwake ni mtaa wa tatu tu, sijafika."

Kisha akasema niandike. Yote, na jina la Babu. Ila nimpe siku moja, maana si vizuri mtu asikie kwenye mkutano neno ambalo hakuambiwa mlangoni kwake.

Tulikwenda Jumatatu, tarehe 3 Machi. Wenzetu Waislamu ndio kwanza walikuwa wameanza Ramadhani, mtaa umetulia, mama wa vitumbua hajawasha jiko. Bibi alikuwa amenunua sukari, nusu kilo, kwenye mfuko wa karatasi. Alinikatalia nisimbebee. Yule mama alitufungulia mwenyewe, akamtazama Bibi, akamtazama na ule mfuko. Bibi alisema pale pale mlangoni, amesimama. Hakupamba. Alisema mume wake alichukua, yeye akamsingizia mwingine, na alipojua ukweli alinyamaza miaka thelathini na minne.

Mwenyeji alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Ingieni. Sukari hiyo sitaiweza, nina kisukari." Tukanywa chai kavu. Hawakukumbatiana, na sitakudanganya kwamba walilia. Walizungumzia miguu, dawa, na watu waliokwisha kufa. Bibi alipomwomba arudi jumuiya ya kwetu alikataa. Huko aliko amekwisha zoea, akasema, na wanaimba vizuri kuliko sisi.

Tulipoaga akaniita mimi. "Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, mama. Najaribu."

"Utakachokisoma kesho, niletee nakala. Iwe na tarehe, na sahihi ya katibu. Wanangu wamekua shuleni wakiitwa watoto wa mwizi. Mmoja alihama Dar kwa ajili hiyo. Nataka nimtumie."

Jumanne jioni nilisoma, uani kwa mwenyekiti, matawi makavu yako kwenye kiroba pembeni yakisubiri kupelekwa parokiani. Niliusoma na ukurasa ule. Yule mjumbe wa kamati aliinamisha kichwa, na mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Mwenyekiti hakutoa hotuba. Alimwambia katibu achukue kaunta buku ya 1984, na chini ya ule mstari mwekundu aandike tarehe ya leo na neno moja: hakuiba. Katibu akaandika, akatia sahihi. Kalamu ilikuwa ya bluu.

Nakala nilipeleka mwenyewe asubuhi ya Majivu, kabla sijaenda kanisani. Aliikunja mara nne akaiweka ndani ya Biblia, akanifungia mlango bila maneno mengi.

Ndugu zangu tunaojifunza kuandika, tunapenda kugombania vina na mizani, na si vibaya. Ila hapo mtaani kwako kuna daftari mvunguni kwa mzee fulani. La jumuiya, la upatu, la timu ya mpira, la msikiti. Mle kuna mtu aliyepigwa mstari mwekundu, na huenda bado yuko hai, mtaa wa tatu tu. Nenda ukalisome kabla mende hawajalimaliza. Na ukiambiwa uruke ukurasa, muulize kwanza bibi yako.

Kuhusu sukari ile, tulirudi nayo nyumbani. Bibi hakuitia kwenye chai Kwaresima nzima. Siku ya Pasaka aliipeleka kwa jirani yetu aliyekuwa amejifungua, akaipima kwanza mbele yangu.