Kituo Kilichozimwa Dhaka

Umri wa kitu si kipimo cha uzito wake. Wako watu walioishi miaka mingi wasiache nyuma yao neno la kukumbukwa, na yako mambo yaliyodumu siku chache yakaacha funzo kubwa. Jambo moja la namna hii ni kituo cha televisheni cha CSB News, kilichotangaza kwa lugha ya Kibengali kutoka Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Kilianza kazi tarehe 24 Machi, 2007, kikafungwa tarehe 6 Septemba mwaka uo huo. Hakikutimiza hata miezi 6. Lakini historia yake yatuonyesha jinsi habari zinavyopata nguvu, na jinsi nguvu hiyo inavyoweza kuzimwa kwa sababu ya karatasi.

Ili tukielewe kisa hiki, yatupasa turudi nyuma kidogo. Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, Wabengali wa mashariki walitiwa katika dola mpya ya Pakistan. Zaidi ya nusu ya raia wa dola hiyo walisema Kibengali. Hata hivyo, viongozi wake walikata shauri kuwa Kiurdu peke yake kiwe lugha ya taifa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka walikataa. Tarehe 21 Februari, 1952, walikusanyika ingawa mikutano ilikuwa imepigwa marufuku. Polisi wakafyatua risasi, na vijana kadhaa wakafa. Katiba ya mwaka 1956 ilikipa Kibengali cheo cha lugha ya taifa pamoja na Kiurdu, na mwaka 1971, baada ya vita vikali, Bangladesh ikawa nchi huru. Siku ile ya msiba sasa huadhimishwa ulimwenguni kote kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, kwa azimio la UNESCO la mwaka 1999. Watu walioilipia lugha yao kwa damu hawawezi kuona kuwa ni jambo dogo nani asemaye kwa lugha hiyo, na nani anyamazishwaye.

Televisheni ilianza Dhaka tarehe 25 Desemba, 1964. Baada ya uhuru kituo hicho kiliitwa Bangladesh Television, nacho kilikuwa mali ya serikali. Kwa zaidi ya miaka 30 hapakuwa na kingine. Aliyetaka kujua mawaziri wamefanya nini alipata habari tele; aliyetaka kujua wapinzani wao wasemaje alipata kidogo. Hali ilianza kubadilika mwaka 1997, ATN Bangla ilipokuwa kituo cha kwanza cha watu binafsi nchini humo kutangaza kwa njia ya setilaiti.

Yafaa tueleze kwa ufupi jinsi kazi hiyo ifanyikavyo, kwa maana ndani yake mna chanzo cha mkasa wetu. Setilaiti ya matangazo hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya mstari wa ikweta, mstari uo huo unaopita katika nchi yetu. Kwa kuwa huzunguka sambamba na dunia, sisi huiona kana kwamba imesimama mahali pamoja. Kituo hurusha picha na sauti kwenda juu, setilaiti huzipokea na kuzirudisha chini, na madishi huzinasa. Lakini mtu hawezi kurusha mawimbi apendavyo, kwani yangegongana na ya wenzake. Kila mmoja hugawiwa masafa yake, na mgawaji ni serikali. Huko Bangladesh kazi hiyo ilikabidhiwa tume ya mawasiliano. Basi kituo chaweza kuwa na kamera nzuri na waandishi hodari. Kikinyimwa masafa, kimekuwa bubu.

Onyo la kwanza lilikuwa limekwisha kutolewa. Kituo cha Ekushey, ambacho jina lake lina maana ya tarehe 21 kwa ukumbusho wa mashujaa wa lugha, kilifunguliwa tarehe 14 Aprili, 2000, siku ya mwaka mpya wa Kibengali. Chenyewe kilitumia milingoti ya ardhini, kwa hiyo kiliwafikia hata watu wa vijijini, nao walikipenda kwa habari zake zisizo na woga. Tarehe 29 Agosti, 2002, kilizimwa kwa hukumu ya mahakama kuwa leseni yake haikutolewa kwa utaratibu uliotakiwa. Ilipita miaka kabla hakijarudi hewani, na kiliporudi kilitumia setilaiti.

CSB News ilizaliwa katika wakati wa shida. Tarehe 11 Januari, 2007, baada ya ugomvi mkali wa vyama, Rais Iajuddin Ahmed alitangaza hali ya hatari. Uchaguzi uliokuwa ufanywe tarehe 22 mwezi huo uliahirishwa, na serikali ya muda ikawekwa chini ya Fakhruddin Ahmed, aliyepata kuwa gavana wa benki kuu. Nyuma yake lilisimama jeshi. Katika hali hiyo ndipo kilipotokea kituo cha kwanza cha Bangladesh kutangaza habari usiku na mchana, saa 24. Kwa jambo lililotukia asubuhi, mtazamaji hakuhitaji tena kungoja taarifa ya jioni.

Wahenga walisema kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Tarehe 20 Agosti, 2007, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka walikuwa wakitazama mchezo wa mpira uwanjani kwao, mahali ambapo askari wa jeshi walikuwa wamepiga kambi. Ukatokea ugomvi baina ya wanafunzi na askari. Jioni ile ugomvi uligeuka ghasia. Siku ya pili wanafunzi walidai jeshi liondoke chuoni, na kambi ikaondolewa. Siku ya tatu fujo zilikuwa zimeenea katika miji mingine. Usiku wa tarehe 22 serikali ilikataza watu kutoka nje katika miji 6 mikubwa, na baadaye walimu kadhaa wa chuo kikuu walikamatwa.

Mwaka 1952 risasi zilipolia, hapakuwa na televisheni mjini Dhaka. Safari hii kamera zilikuwapo, na taifa zima liliona. Serikali haikupendezwa. Iliwaandikia CSB News na Ekushey kuwaonya wasitangaze habari za kuchochea watu. Majuma mawili baadaye, maofisa wa tume ya mawasiliano walifika CSB News wakakata matangazo. Sababu waliyoitaja haikuwa ghasia zile. Walisema kuwa hati iliyotumiwa kuombea masafa ilikuwa ya kughushi.

Hapa msomaji mwenye insafu hana budi kupima pande zote mbili. Sheria ni sheria, na mwenye kughushi hati hastahili kutetewa kwa kuwa tu ni mtangazaji. Tena kampuni yenye kituo ilihusishwa na jamaa ya Salahuddin Quader Chowdhury, aliyekuwa mshauri wa waziri mkuu wa zamani, Khaleda Zia. Kwa hiyo hakikuwa mbali na siasa. Lakini haki haitazami kosa peke yake. Hutazama pia wakati na nia. Kama hati ilikuwa mbovu, ilikuwa mbovu tangu Machi. Kwa nini ubovu wake ukaleta adhabu mara tu baada ya Agosti? Swali hilo liliulizwa wakati ule, na tarehe zenyewe hazituruhusu kuliacha.

Hali ya hatari iliondolewa Desemba 2008, na uchaguzi ukafanywa tarehe 29 mwezi uo huo. Miaka michache baadaye vituo vya habari tupu vilitokea tena: ATN News mwaka 2010, na Somoy mwaka 2011. Njia iliyofunguliwa na CSB News ilipitwa na wengine, yenyewe haikurudi.

Twajifunza nini? Kwanza, mwenye kazi ya kusema kweli na asafishe karatasi zake, asije akampa adui yake kisu. Pili, mamlaka ya kugawa masafa ni amana. Kazi yake ni kuzuia mawimbi yasigongane, wala si kuzuia raia wasione. Tatu, mficha maradhi kilio humfichua. Kituo kilizimwa, lakini yaliyotukia Agosti hayakufutika. Watu walikuwa wamekwisha kuyaona, nao waliyasimulia kwa lugha ile ile iliyopiganiwa na wanafunzi wa chuo kile kile miaka 55 kabla yao.