Serikali na Matuta ya Ukambani

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya iliihesabu wilaya ya Machakos miongoni mwa sehemu zilizoharibiwa vibaya na mmomonyoko, na taarifa ya mwaka 1937 ya Colin Maher, mtaalamu wa hifadhi ya udongo, iliielekeza lawama kwa wingi wa mifugo na ukulima wa miteremkoni. Lawama hiyo haikuwa bure, lakini ilinyamazia jambo moja kubwa: Wakamba, wenyeji wa wilaya hiyo, walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka ya rizavu, yaani eneo walilotengewa na serikali, huku ardhi ya malisho waliyokuwa wakihamia wakati wa kiangazi ikiwa imechukuliwa na walowezi au na serikali yenyewe.

Ili kupunguza mifugo hiyo, mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba walianza kukamatwa na kuuzwa kwa nguvu kwa bei duni, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa miongoni mwa walionufaika. Kwa kupinga hilo, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wakitaka kusikilizwa na Gavana. Yeye alihamishiwa Lamu kizuizini, lakini mwisho wa mwaka serikali ilikuwa imeacha uuzaji wa lazima. Tangu hapo neno "hifadhi ya udongo" lilisikika Ukambani kama utangulizi wa kunyang'anywa mali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili fedha nyingi zaidi zilitolewa, ila kazi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko iliendelea kufanywa kwa amri ya chifu. Matuta mengi ya wakati huo yalikuwa membamba, yakachimbwa kwa kutupa udongo upande wa chini wa mtaro, na mvua kubwa ikija yalibomoka. Njia iliyokuja kushinda ni ile iitwayo fanya juu: mtaro wa kina cha takriban nusu mita au zaidi huchimbwa kwa kufuata usawa wa mteremko, udongo wake hurushwa upande wa juu uwe tuta, na juu ya tuta hupandwa majani ya kulishia mifugo, ili msimu baada ya msimu udongo unaoteremka ujikusanye nyuma yake mpaka shamba lijisawazishe lenyewe kama ngazi. Ni kazi ya jembe na sepetu inayochosha sana, na kwa hiyo ilitegemea mwethya, vikundi vya kimila vya kusaidiana, ambavyo katika miaka ya 1950 vilipewa nafasi ya kujichagulia viongozi. Katika miaka hiyohiyo Wakamba waliruhusiwa kulima kahawa, kwa sharti kwamba ipandwe kwenye matuta, na hapo jasho la mtaro likapata malipo.

Uhuru ulipofika matuta mengi yalitelekezwa kwa muda, jambo la kutarajiwa kwa kazi iliyonuka ukoloni. Kuanzia mwaka 1974 programu ya kitaifa iliyofadhiliwa na Sweden ilitoa vifaa na mafunzo ya mabwana shamba, lakini sehemu kubwa ya matuta ilichimbwa na wenye mashamba kwa gharama yao, mara nyingi kwa fedha za mishahara ya mjini. Idadi ya watu wilayani ilipanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuongezeka.

Wakati huo hakuna aliyeyataja matuta kwa sababu ya kaboni. Kaboni ya udongoni hutokana na mizizi, majani na samadi vinavyooza na kubaki kama mboji, na nyingi iko katika tabaka la juu, lile lile linalosombwa kwanza. Tuta, basi, huizuia isiondoke, ingawa haliiongezi bila mboji na miti. Faida hiyo ilikuja kupewa bei magharibi mwa Kenya, ambako mradi wa shirika la Vi Agroforestry, chini ya mkataba wa mwaka 2010 na mfuko wa Benki ya Dunia, ulipata mwaka 2014 hati za kwanza za hewa ukaa iliyohifadhiwa katika udongo wa wakulima wadogo. Malipo kwa kila kaya yalikuwa madogo, na wengi walijiunga kwa ajili ya mavuno. Kaboni yenyewe haikupimwa shamba kwa shamba, bali ilikadiriwa kwa hesabu za kitaalamu kutokana na kumbukumbu za kile ambacho wakulima walisema wamekifanya mashambani mwao.