Ukataji miti na mimea ya chini ya msitu

Mimea ya chini ya msitu ni vichaka, kangaga, mitambaazi na miche inayoishi kwenye kivuli cha miti mikubwa. Msitu wa tropiki ukiwa umefunga vizuri, ardhi yake hupata kama asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa jua. Mti mmoja ukiangushwa, jua hushuka hadi chini, udongo hupata joto na unyevu hupungua. Gogo nalo likiburutwa na trekta huacha njia iliyoshindiliwa ambamo mbegu hupata shida kuota.

Mfano unaojulikana sana ni Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Huko ndiko kwao Saintpaulia, ua la chunguni linalopamba madirisha ya Ulaya tangu miaka ya 1890. Porini hushika miamba yenye kivuli na unyevunyevu; majani yake yana manyoya laini, na jua kali huyaunguza.

Uvunaji wa magogo kwa mitambo ulikoma huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Mapengo, hata hivyo, yalikuwa yameshapata wakazi wapya. Maesopsis eminii, mti ambao Uganda huitwa musizi, ulipandwa kuziba nafasi zilizokatwa. Hondohondo wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali. Clidemia hirta na Lantana camara, vichaka vyenye asili ya Amerika, navyo vikafuata mwanga.

Ndiyo maana kuhesabu aina peke yake hudanganya. Kipande kilichokatwa kinaweza kuwa na aina nyingi kuliko msitu usioguswa, kwa sababu magugu yameongezeka kabla mimea ya kivuli haijaisha. La kuuliza ni aina zipi, si ngapi.

Huko huko Usambara, kilimo cha iliki kilileta hasara ya namna nyingine, tena bila kuangusha miti mikubwa. Wakulima walifyeka kila kilichoota chini, wakabakiza miti hiyo kwa ajili ya kivuli. Kutoka bondeni Muheza mlima ulionekana mzima. Ukiingia ndani ulikuta mti mnene wa mtambara au msambu umesimama juu ya iliki tupu, na mche wake hukuuona hata mmoja.