Mchukuzi

Mashua ikitia nanga Bwejuu, kule Mafia, maji yakiwa yametoka, tenga la samaki halifiki pwani lenyewe. Mtu hujitosa hadi mapajani, akajitwisha, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni. Huyo ndiye mchukuzi. Hamali tulimpata kwa Waarabu, mpagazi tumeiachia misafara ya zamani, lakini mchukuzi katoka kwenye kitenzi chetu cha kila siku, chukua. Tuna hata Wizara ya Uchukuzi.

Natamani neno hili liingie hospitalini. Seli za ini zina protini zinazotoa bilirubini na dawa kwenye damu na kuzitia kwenye nyongo. Wapo watakaoziita visafirishaji. Kwangu kisafirishaji ni chombo, kama lori. Protini hizi zinapokea mzigo na kuukabidhi, ni wachukuzi hasa.

Sasa mvuta nyavu aumwe mgongo, ameze diklofenaki siku nenda siku rudi. Dawa hiyo yaweza kuuchubua utumbo. Sumu za bakteria hupenya pale palipochubuka, zikafuata mshipa mkubwa unaoliletea ini takriban robo tatu ya damu yake. Ini likishtuliwa na sumu hizo, wachukuzi wake hupungua na kulegea. Bilirubini ikirundikana, macho huwa ya manjano. Na dawa nyingine zaweza kukaa mwilini kupita kiasi.

Daktari akimwambia mvuvi, “Baba, wachukuzi wa ini lako wamelegea,” wa Bwejuu ataliona tenga limebaki chomboni.