Mizani ya Sonara: Maana na Asili ya Baadhi ya Maneno ya Biashara ya Dhahabu na Vito

Mtafiti asomaye hati ya mirathi au ya mahari iliyoandikwa Unguja au Mombasa katika karne ya 19, akakuta mapambo yametajwa kwa wakia, huelekea kufungua kamusi. Kamusi humwambia kuwa wakia ni aunsi ya Kiingereza. Naye, kwa kuwa mapambo ni ya dhahabu, huhesabu kwa aunsi ile ipimiwayo dhahabu katika soko la London, yaani gramu 31.10. Hesabu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe si dogo.

Wakia ya pwani ilikuwa uzito wa reale moja ya Maria Theresa. Sarafu hiyo ya fedha, iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 hata baada ya malkia mwenyewe kufa mwaka huo, ilikuwa na uzito wa gramu 28.07 hivi. Mfanyabiashara asiye na jiwe la mizani aliweza kuweka reale katika kitanga, na kazi ikaendelea. Wakia 16 zilifanya ratili moja, na ratili 35 hivi zilifanya frasila. Waingereza walipofika waliona kuwa wakia hii yakaribiana sana na aunsi yao ya dukani, yenye gramu 28.35, wakazilinganisha. Katika kupima sukari au kahawa ulinganisho huo haukumdhuru mtu. Lakini Waingereza wana aunsi mbili, na ile ya dhahabu ndiyo iliyo nzito zaidi. Afasiriye wakia 100 za mikufu kwa aunsi ya dhahabu huongeza zaidi ya gramu 300 ambazo mwenye mali hakuwa nazo kamwe. Siku hizi bei ya dhahabu itangazwapo redioni kwa wakia, ni aunsi hiyo kubwa inayokusudiwa: neno limebaki, uzito umebadilika. Wala si ajabu wawili hawa kuchanganywa, maana ni ndugu wa baba mmoja. Aunsi na wakia yote mawili yametoka katika neno la Kilatini uncia, la pili likipitia Kigiriki na Kiarabu.

Tola nayo ilikuwa uzito wa sarafu. Mafundi wa Kihindi ndio walioleta neno hili pwani, pamoja na jina la kazi yao. Zamani Waswahili walisema mfua dhahabu au mfua fedha, kwa mfano wa mfua chuma. Neno sonara likaja kutoka lugha za Bara Hindi, ambamo dhahabu huitwa sona. Tola iliwekwa na serikali ya Kiingereza huko Hindi mwaka 1833 kuwa gramu 11.66, nao ndio uzito wa rupia ya fedha. Unguja ilitumia rupia hadi mwaka 1936, kwa hiyo kwa muda mrefu sonara na mteja wake walikuwa na kipimo cha tola mfukoni, kila mmoja akiweza kumhakiki mwenziwe. Fedha ya rupia ilipoondoka, mteja alibaki kuamini mawe ya fundi.

Mithkali ni neno la kale kuliko hayo. Lilitumika katika biashara ya dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa, na Wareno walipoingia mwanzoni mwa karne ya 16 walilichukua wakalitamka metical. Katika Kiswahili limebaki hasa katika vitabu vya dini, ambamo nisabu ya zaka ya dhahabu ni mithkali 20, yaani gramu 85 hivi. Msumbiji, kwa upande wake, ililifanya jina la fedha yake mwaka 1980.

Karati ina hatari ya namna nyingine. Asili yake ni jina la Kigiriki la mbegu ya mkharubu. Kwa dhahabu karati si uzito bali ni kadiri ya usafi: dhahabu safi ni karati 24, na pete ya karati 18 ina sehemu 6 za madini mengine. Kwa vito karati ni uzito, nao uliwekwa mwaka 1907 kuwa miligramu 200. Pete moja yaweza basi kuwa na karati 18 na karati 2 kwa wakati mmoja, na kamusi itoayo maana moja tu humwacha mnunuzi gizani.

Majina ya vito yenyewe hayana taabu nyingi, isipokuwa yakuti. Wafasiri wengi hulifunga neno hili katika kito chekundu, kisha hutafuta jina jingine kwa kile cha buluu. Waarabu tangu kale walisema yakuti nyekundu, ya buluu na ya manjano, na elimu ya madini imewathibitisha: zote ni madini ya aina moja, korundi. Bonde la mto Umba, kaskazini mwa Tanga, hutoa yakuti za rangi nyingi, na hapo jina moja lenye sifa ya rangi latosha. Kito cha buluu kilichopatikana Merelani mwaka 1967 si yakuti, bali ni zoisiti. Jina lake la tanzanaiti lilitolewa na wauza vito wa New York mwaka 1968.